Walio Kati ya Safu

Michezo ya zamu ina adabu ambayo michezo mingine haina. Mwenye zamu hucheza, asiye na zamu hutazama, na katika kule kutazama ndiko akili inakofanya kazi kubwa zaidi. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa jambo hili, kwani tumekulia mbele ya bao. Tumewaona wazee wetu wakizishika kete kiganjani, wakizitikisa taratibu, na macho yao hayapo kwenye shimo lililo mbele yao. Yako kule ambako kete ya mwisho itaangukia baada ya mizunguko mitatu.

Nimelitanguliza bao kwa sababu mchezo ninaotaka kuuzungumza hapa ni ndugu yake wa mbali. Nao ni mchezo wa vita vya kale uitwao Commands & Colors: Ancients, uliobuniwa na Richard Borg na kuchapishwa Marekani mwaka 2006. Mpwa wangu, alipokuja likizo kutoka Muscat anakofanya kazi, ndiye aliyeuleta nyumbani, ndani ya kasha zito lililojaa vipande vya mti. Tukautandaza juu ya mkeka, na kwa muda wa wiki tatu hapakuwa na mtu aliyelala mapema katika nyumba ile. Alipoondoka aliniachia kasha lake, nami nikaendelea kuucheza na wenzangu wa barazani. Haya niyaandikayo ni matunda ya mikesha hiyo. Pia ni swali moja ambalo mchezo ule ulinitia moyoni, na ambalo, kwa mtu anayeishi kwa kupima maneno na kusifu mambo mazuri, si swali dogo.

Ubao wa mchezo huu umegawiwa vyumba vya pembe sita, na umekatwa sehemu tatu: bawa la kushoto, kati, na bawa la kulia. Kikosi cha askari wa miguu kina vipande vinne, cha wapanda farasi vitatu, na cha tembo viwili. Kila kipande kina alama ya uzito wake: duara la kijani kwa walio wepesi, pembetatu ya buluu kwa wa wastani, na mraba mwekundu kwa wazito. Mchezaji hana ruhusa ya kusogeza chochote atakacho. Ana karata mkononi, na karata ndiyo inayoamua ni vikosi vingapi, na vya sehemu ipi, vitakavyopokea amri yake katika zamu hiyo. Vikosi vikikutana, hutupwa dadu zenye alama zile zile tatu za rangi, pamoja na panga, kofia ya chuma na bendera. Rangi ikioana na ya kikosi kilichopigwa, kipande huondolewa ubaoni. Bendera ikitokea, kikosi hurudi nyuma. Kikosi kikiishiwa vipande vyote, adui hupata nishani moja, na atakayetangulia kufikisha idadi ya nishani iliyowekwa ndiye mshindi.

Katika vita vyote vilivyomo, tulivyovipenda zaidi ni vya Cannae. Hivi vilipiganwa kusini mwa Italia, tarehe 2 Agosti 216 K.K., karibu na mto Aufidus ambao leo huitwa Ofanto. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne iliyofuata, anasema kuwa Warumi walikuwa na askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi waliozidi 6,000 kidogo. Hannibal wa Carthage alikuwa na askari wa miguu waliozidi kidogo 40,000 na wapanda farasi wapatao 10,000. Aliyeshika amri ya Warumi siku hiyo alikuwa Gaius Terentius Varro, mmoja wa makonsuli wawili. Yeye aliwapanga askari wake kwa safu nene, mgongo kwa kifua, ili uzito wao uipasue kati ya adui kama shoka lipasuavyo gogo.

Hannibal naye aliipanga kati yake kinyume cha mazoea. Aliwatia Wagallia na Waiberia, akawasogeza mbele hata safu yao ikawa kama mwezi mchanga ulioupa mgongo upande wa adui. Kwenye ncha mbili za mwezi huo aliwaweka Walibya, watu wazito na wazoefu, waliobeba silaha zilizotekwa kwa Warumi katika mapigano ya nyuma. Bawa la kushoto lilikuwa la wapanda farasi wa Kiiberia na Kigallia chini ya Hasdrubal, na bawa la kulia lilikuwa la Wanumidia, mafundi wa kukimbia na kurejea. Mwenyewe Hannibal, pamoja na ndugu yake Mago, alisimama kati.

Vita vilipoanza, kati ilisukumwa. Mwezi ukanyooka, kisha ukabonyea kwa ndani. Warumi walipoona adui anarudi nyuma waliingia kwa wingi, bega likibana bega, mpaka wakajikuta Walibya wamewasimamia kulia na kushoto. Walibya wakageuka, wakawapiga ubavuni. Wakati huo Hasdrubal alikuwa amekwisha kuwavunja wapanda farasi wa Kirumi waliomkabili, amezunguka nyuma ya jeshi kwenda kuwasaidia Wanumidia, na sasa akawageukia askari wa miguu kwa migongoni. Duara likafunga.

Anayetaka kushinda vita kama hivi ubaoni ana mambo kadhaa ya kuyashika.

La kwanza ni kuitunza safu. Kanuni za mchezo zinasema kuwa kikosi chenye vikosi viwili vya wenzake ubavuni mwake kinaweza kuipuuza bendera moja. Kilichojitenga hakina haki hiyo. Bendera ikitoka, kinakimbia. Tena ipo karata inayoruhusu safu nzima ya askari wa miguu walioshikana kusonga kwa amri moja, lakini haimfai yule ambaye safu yake ina mapengo. Mshairi atalielewa hili haraka kuliko askari: mshororo uliopungukiwa mizani huuangusha ubeti mzima, hata kama maneno yake ni ya lulu.

La pili ni kuyamaliza mabawa kwanza. Wapanda farasi ndio wenye mbio, na mbio zao zina faida mapema, kabla uwanja haujajaa. Hasdrubal hakuanza kwa kuwavamia askari wa miguu. Alianza kwa kuwaondoa wale ambao wangeweza kumzuia, na alipowageukia askari wa miguu hapakuwa na wa kuwalinda.

La tatu ni kutoiharakisha kati. Wengi wanaouanza mchezo huu huona uchungu kuwa na askari wanaongoja, wakawatupa mbele kabla ya wakati. Aliye upande wa Hannibal sharti amwache Mrumi aje. Kila chumba anachokivuka Mrumi kwa kufuata safu inayorudi, anazitumia karata zake, anawaacha wenzake nyuma, na msaada wa ubavuni unampungukia. Na hapo ndipo duara linapofanya kazi yake, kwa kuwa kikosi kilichotakiwa na bendera kurudi nyuma kisipate njia hupoteza kipande kimoja kwa kila chumba kilichoshindwa kupita. Aliyezungukwa huuawa na kukosa pa kwenda zaidi kuliko kuuawa na upanga.

La nne ni kuzihifadhi karata. Karata nzuri ikitumika kwa sababu tu ni nzuri, imepotea. Mchezaji hodari huishika zamu mbili tatu, akipokea madogo kwa karata hafifu, hata uwanja ukae kama atakavyo. Mcheza bao anayeijua thamani ya nyumba yake hatapata tabu kulifahamu somo hili.

Mafunzo hayo nilitaka kuyafunga katika ubeti mmoja, ili wenzangu wa barazani wayakumbuke kwa urahisi. Mishororo mitatu ikaja bila ya kuitwa:

Kati ukiipindisha, pembeni ujizatiti,
Adui kumzungusha, si kwa nguvu za umati,
Subira humfikisha, mwenye kungoja wakati,

Wa nne ukanikatalia. Kila kituo nilichokijaribu kilikuwa cha kusifu, na kila sifa ilikuwa na doa nisiloweza kulionyesha kwa kidole.

Doa hilo lilikuwa limetajwa tayari, na aliyelitaja ni mpwa wangu. Usiku mmoja, naye akiwa upande wa Hannibal, aliwasukuma Wagallia wake mbele bila ya kuwatazama, macho yake yakiwa kwa wapanda farasi. Nikamwambia: "Mwanangu, mbona hawa huwahurumii hata kidogo?" Akacheka. "Hao ni wa kupotea, mjomba. Kazi yao ni kufa polepole mpaka wenzao wafike." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kuchemsha chai, na kwa hesabu ya mchezo alikuwa sawa kabisa. Usiku ule alishinda.

Hesabu ya Polybius inamuunga mkono. Katika upande wa Hannibal, anasema, walikufa Wagallia 4,000, Waiberia na Walibya 1,500, na wapanda farasi 200. Maana yake ni kwamba katika kila watu kumi waliolipia ushindi ule, saba walikuwa Wagallia. Watu hawa hawakuwa wenyeji wa Carthage, wala mji ule wengi wao hawakupata kuuona. Walikuwa watu wa kaskazini ya Italia, waliomfuata jemadari mgeni kwa sababu zao wenyewe: wapo waliotaka ujira na ngawira, na wapo waliokuwa na kisasi na Roma. Upande wa Warumi hesabu inatisha zaidi. Livy anataja askari wa miguu 45,500 na wapanda farasi 2,700 waliouawa; Polybius anafika watu 70,000. Hao wote ni kazi ya mchana mmoja wa Agosti.

Na mpango huo ulioleta mauti hayo ni mzuri. Ni lazima niliseme hili, kwani kulikataa ni kujidanganya. Una urari, una kujibana na kufunguka, una kituo kinachogonga pale pale kinapotarajiwa na bado kikashangaza. Nimesoma mashairi mengi yasiyokuwa na umbo kamili kama lile. Basi swali langu ni hili: je, inafaa kulisifu umbo na kuwanyamazia waliofanywa udongo wake?

Pengine ningeliacha swali hilo likae kama yanavyokaa maswali mengine ya watu wenye nafasi, lau si simu iliyokuja mwaka wa pili baada ya likizo ile. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi mpwa wangu ilikuwa imepunguza watu. Waliobakishwa ni wenye vyeo na wenye kwao. Walioondolewa ni walinzi, wapakiaji na madereva, watu wa kuja, ambao ndio waliokuwa wameibeba kampuni ile katika miezi yake migumu. Aliniambia yote hayo kwa sauti ya kawaida, kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mjomba, leo mimi ndiye Mgallia."

Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kumuuliza kama ana nauli. Alikaa miezi sita bila ya kazi kabla ya kupata nyingine, na katika miezi hiyo aliishi kwa msaada wa watu wa kwao waliomtangulia kule. Lakini usiku wa simu ile, mshororo wa nne ulikuja:

Lakini waliokwisha, nani awape sauti?

Sasa nirudi kwenye ubao, kwa kuwa ipo kanuni moja ambayo nimeiweka makusudi hadi hapa. Katika mchezo huu kikosi hakipungukiwi nguvu kwa kupungukiwa watu. Kilichobakiwa na kipande kimoja hutupa dadu sawasawa na chenye vipande vinne. Na nishani haipatikani kwa kipande kilichoondolewa. Hupatikana pale kikosi kinapokwisha chote. Ukizichanganya kanuni hizi mbili utapata somo kubwa kuliko yote manne niliyoyataja: aliyechoka mtoe mbele. Mrudishe nyuma ya safu, umweke mzima mahali pake, umtunze aliyejeruhiwa mpaka siku atakapohitajika, kwani siku hiyo atapiga kama alivyopiga mwanzo. Kila kikosi kilichookolewa ni nishani iliyomponyoka adui. Mpwa wangu alipokuja tena likizo alicheza hivyo. Aliwarudisha Wagallia mmoja mmoja, akaziba mapengo kwa wengine, na Mrumi wangu akamaliza usiku akikosa nishani moja tu ya kunipa ushindi, asiipate. Ubaoni, basi, huruma na hila zinaweza kukaa kiti kimoja.

Uwanjani Cannae hazikukaa hivyo. Pale hapakuwa na nyuma ya kumrudishia mtu, kwani mpango wenyewe ulimtaka abaki pale pale, asonge nyuma hatua kwa hatua bila ya kukimbia, mpaka duara lifunge. Lililo la kustahi ni kwamba walibaki. Watu ambao Warumi waliwaona washenzi wasiojua kuvumilia vita virefu ndio waliovumilia, na lau wangevunjika mapema kidogo leo hii Cannae ingekuwa jina la ushindi wa Varro. Tenzi zetu huwataja mashujaa kwa majina. Utenzi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani na uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000 juu ya vita na Herekali mfalme wa Rumi, na ndani yake wapiganaji wana majina na nasaba. Wale 4,000 wa Cannae hawana hata jina moja tunalolijua.

Na hapa bao linanijia tena. Bao letu nalo ni vita, kwani tunasema kula, tunasema kuua. Lakini kete iliyoliwa haitoki. Huchukuliwa na kusambazwa katika mashimo ya aliyeila, ikawa yake, ikapigana upande wake, na kesho ikarudi ilikotoka. Kete 64 zinazoanza ndizo 64 zitakazohesabiwa mwisho, awe ameshinda nani. Mchezo wa Borg una ukali mwingine: kipande kikiondolewa hurudi katika kasha, na uwanja unazidi kuwa mtupu mbele ya macho ya wachezaji wote wawili. Zamani niliuona utupu ule kuwa kasoro ya uzuri. Siku hizi nauona kuwa ndio ukweli wake.

Anayeujua mchezo vizuri atauliza: na Hannibal mwenyewe, alilipwa nini? Alilipwa Zama, mwaka 202 K.K., katika ardhi ya Afrika. Polybius anasema alikuwa na tembo zaidi ya 80. Scipio akaacha njia wazi baina ya vikosi vyake, tarumbeta zikawatisha wanyama, wengine wakapita katika njia zile bila ya kudhuru na wengine wakageukia watu wa upande wao wenyewe; na ndiyo maana katika mchezo huu tembo anayerudishwa nyuma hukanyaga kila aliye jirani naye, awe rafiki au adui. Wapanda farasi wa Numidia, safari hii wakiongozwa na Masinissa, walikuwa upande wa Roma. Wakayaondoa mabawa, wakarejea, wakampiga Hannibal mgongoni. Lilikuwa somo lake mwenyewe, nalo likarejeshwa kwake baada ya miaka 14.

Mchezo huishia hapo, kwa nishani ya mwisho. Historia iliendelea siku chache zaidi. Hannibal alirudi Carthage, mji alioondoka akiwa na umri wa miaka tisa na kurejea akiwa amepita arubaini na tano. Masharti ya Roma yalikuwa mazito, na mtu mmoja katika baraza akainuka kuwashawishi wenzake wayakatae, vita viendelee. Hannibal akamkamata na kumshusha jukwaani kwa mikono yake. Watu walipokasirika aliwaomba radhi, akasema kuwa kwa kukulia vitani hakuwahi kujifunza adabu za mabaraza, kisha akawasihi wayapokee masharti yale bila ya kubishana. Hapakuwa na mtu katika mji ule aliyejua zaidi yake namna ya kushinda. Wala hapakuwa na aliyejua zaidi yake idadi ya waliokuwa wamesimama kati.